Mashine ikikuandikia 0.01 bado hujamaliza: jinsi ya kuweka slivu kwenye maungio ya faiba

Mafundi wenzangu, hasa nyie mnaoanza hizi kazi za faiba za majumbani, leo nataka tuongee slivu peke yake, ule mrija unaovikwa juu ya ungio kulilinda. Kuchomelea watu wanafundishana vizuri tu, kukata wanafundishana, rangi za koa (zile nyuzi za faiba ndani ya kebo) wanakaririshana mpaka wanazijua, lakini ikifika kwenye slivu unakuta mtu anaambiwa "tumbukiza kwenye hita, ikilia toa" basi, somo limeisha. Afu wiki tatu mbele mteja anapiga simu taa ya LOS (mwanga haufiki) nyekundu, na fundi anabaki kushangaa manake anakumbuka kabisa mashine ya kuchomelea ilimwandikia 0.01.

Ile namba kwanza tuielewe. Mashine ikishachomelea inaangalia faiba kwa kamera zake, inaona koa (hapa ni kile kiini cha kioo kinachopitisha mwanga) zimekaaje, pameungana vipi, afu inakadiria losi, yaani mwanga unaopotea hapo, kwa desibeli (dB). Inakadiria, haijapima. Na inafanya hivyo kabla slivu haijafika hapo, yaani haijui utaitoa vipi kwenye vishikio, utaikunja wapi, utaipasha muda gani, utaitoa ya moto au ya baridi. Yote yanayokuja baada ya ile namba yako mikononi mwako, na mimi naamini kabisa sehemu kubwa ya maungio yanayokufa baadaye yanaharibikia hapo, sio kwenye kuchomelea.

Tuanze na slivu yenyewe ina nini ndani, maana ukijua hilo mengine yote yanajieleza. Chukua moja uiangalie kwenye mwanga. Nje kuna mrija wa plastiki angavu wa poliolefini, ambao kiwandani ulitengenezwa mwembamba ukapanuliwa ukaachwa upoe ukiwa umepanuka, kwa hiyo ukiupasha unarudi kwenye wembamba wake wa mwanzo. Ndani yake kuna mrija mwingine mdogo zaidi, huo ni gundi, EVA, familia ileile ya zile fimbo za gundi za moto wanazotumia watu wa mapambo. Na pembeni kati ya hiyo mirija miwili kuna kijiti cha chuma kisichoshika kutu. Ukipasha, gundi inayeyuka, mrija wa nje unaminya, gundi inasukumwa inazunguka faiba pande zote na kuijaza hewa ilipokuwa, ikipoa inaganda na faiba inakuwa imelala ndani ya gundi sambamba na chuma. Chuma kina kazi mbili. Moja kila mtu anaijua, kuzuia pasikunjike. Ya pili wengi hawaijui, ule mrija wa nje ukisinyaa hausinyai unene tu, na urefu unapungua kidogo, sasa bila chuma kusimamia ungeivuta faiba ndani ikakaa mawimbi mawimbi.

Kwa nini tunahangaika hivyo? Kwa sababu hapo ulipounganisha umevua kotingi (ngozi ya plastiki inayofunika kioo), umebaki na kioo kitupu cha mikroni 125. Kioo kile kikiwa na kotingi yake ni kigumu ajabu kwa wembamba wake, lakini kikiwa uchi, kila mguso, kila kipande cha vumbi, kinaacha mkwaruzo usioonekana kwa macho, na unyevunyevu wa hewani ukikutana na ule mkwaruzo huku faiba imekazwa au imepinda, ufa unatembea taratibu, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku inakatika yenyewe bila mtu kuigusa. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, hewa yenyewe imejaa maji. Kwa hiyo kazi ya slivu sio kufunika tu, ni kuziba.

Sasa uchaguzi. Zinazouzwa sana ni za milimita 60 na za milimita 40. Watu wanachagua kwa kuangalia trei (kile kisahani cha kupangia maungio) ina nafasi kiasi gani, na ndio trei inabidi uiangalie, lakini cha kwanza angalia kliva yako (kikatio cha faiba) umeiweka ikate urefu gani. Piga hesabu hii kabla hujanunua paketi: kama unakata ukiacha milimita 16 za kioo kitupu kila upande, ukiunga unapata milimita 32 zisizo na kotingi. Slivu ya 60 ukitoa 32 inabaki 28, yaani 14 kila upande zinazoshika juu ya kotingi, hapo umekaa vizuri. Slivu ya 40 ukitoa 32 inabaki 8, yaani 4 kila upande, hiyo haitoshi, ukikosea kuiweka katikati kidogo tu kioo kitatokea nje. Ukitaka kutumia ya 40 basi kata milimita 10, ukiunga ni 20, inabaki 10 kila upande. Mimi nashikilia 10 kila upande na sishuki hapo. Na kumbuka kuna watu wanatumia kliva ya kuazima iliyowekwa 16 na slivu za 40 kwa sababu trei ni ndogo, hayo maungio hayana maisha marefu hata uyapashe kwa upendo gani.

Kama unaunga pigteli (vipande vifupi vya faiba vyenye kiunganishi upande mmoja) za mikroni 900 na faiba ya kebo ya mikroni 250, slivu ileile ya 60 inafaa, ila angalia ile pigteli ni ya jaketi lililobana au legevu. Ya legevu faiba inateleza ndani ya plastiki yake, unaweza kuvuta plastiki ukadhani umenyoosha faiba kumbe ya ndani imejikunja. Ishike kwa namna ambayo unavuta vyote viwili. Dropu (kebo nyembamba zinazoingia kwa mteja) zile bapa za milimita 2 kwa 3 hazipiti kwenye slivu ya kawaida, hapo unavua jaketi mpaka unafika kwenye faiba ya 250, slivu inakaa juu ya faiba, na jaketi la dropu pamoja na vile vijiwaya vyake vya kuimarisha unavifunga kwenye mlango wa trei au kiboksi ili mtu akivuta dropu nje asivute maungio. Kuna slivu nene maalum za dropu zinazomeza hadi jaketi, ni nzuri, ila hakikisha hita ya mashine yako inazipokea, sio hita zote zina nafasi hiyo. Na faiba za riboni, zile zilizogandishana koa 12 bapa, zina slivu zake pana ambazo kijiti chake sio chuma cha mviringo, usijaribu kuzibana kwenye slivu ya koa moja.

Ukinunua, iwe Kariakoo au Luthuli ya Nairobi au popote, usinunue kwa bei tu. Mimina chache mkononi. Kijiti kiwe na urefu unaokaribiana na mrija, kisiwe kinatoka nje au kifupi hivi kinacheza. Ncha za kijiti zisiwe na makali, manake kijiti chenye ncha kali kinaitoboa faiba palepale unapoilinda. Mrija wa ndani uwe wazi mviringo, sio umeshikana, la sivyo kuingiza faiba itakuwa vita. Plastiki iwe angavu, kwa sababu ukaguzi wote utaufanya kwa kuangalia ndani. Afu zitunze kwenye mfuko wake umefungwa. Slivu iliyokaa wazi kwenye begi la vifaa na vumbi la mchanga ndani yake unapoitelezesha juu ya kioo ni sawa na kukipiga msasa, na hiyo mikwaruzo ndiyo nimeisema hapo juu.

Kazi yenyewe. Kaa sehemu haina upepo, kama uko juu ya nguzo teremsha kebo ufanyie chini, ndio maana tunaacha zile mita za ziada, kama uko barabarani tumia hema au hata gari. Kama ni shimo la kebo usichomelee ndani kabla hujahakikisha hakuna gesi, mashine inatoa cheche za umeme wa volteji ya juu na hita juu yake, toa kebo nje ya shimo. Vaa miwani. Vipande vya kioo vyote kwenye chupa yenye kifuniko, sio sakafuni kwa watu, watoto wanatembea peku pale, na usile chochote mezani unapofanyia.

Slivu inaingia kwanza kabla ya kitu chochote. Kabla ya kuvua, kabla ya kufuta, kabla ya kukata. Mimi nashauri ujizoeshe upande mmoja siku zote, mfano slivu inakaa upande wa kebo inayoingia, kushoto kwako, kila mara, ili mkono uwe unaenda wenyewe na jicho likiangalia kushoto na halioni slivu linashtuka. Unapoingiza, hakikisha faiba imepita ndani ya ule mrija mdogo wa katikati, sio kati ya mirija miwili kule kijiti kiliko. Hii inatokea sana hasa jioni mwanga ukiwa hafifu, na ubaya wake ni kwamba ukishapasha inaonekana kama imekaa sawa, kumbe kioo kitupu kimelala moja kwa moja juu ya chuma na gundi iko upande wa pili. Ukiangalia kwa pembeni kwenye mwanga utaona faiba imegusana na chuma, hiyo rudia.

Halafu vua kotingi, futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na tishu isiyoacha manyoya, mara moja au mbili mpaka kioo kilie kile kimlio chembamba, afu kata. Ukishakata hufuti tena na huigusi ncha. Ile spiriti ya bluu au ya zambarau ya dukani achana nayo, ina rangi na mabaki, na sanitaiza ya mikono ndio usahau kabisa, ina jeli. Futa pia sehemu ya kotingi itakayoingia kwenye slivu, milimita 20 hivi nyuma, hapa ndipo wengi wanapapita. Kebo za nje zina jeli ndani ya tyubu, ile jeli ikibaki juu ya kotingi gundi haishiki, utaona slivu imesinyaa vizuri kabisa lakini ukivuta kidogo faiba inateleza ndani. Gundi haijashika kitu hapo.

Chomelea. Mashine nyingi ukifungua kifuniko zinaivuta faiba kidogo kwa nguvu ya kama niutoni 2, usilizime hilo jaribio ili uende haraka. Faiba iliyokatika kwenye jaribio imekukatikia hapo mezani, ingekukatikia kwenye klozha (boksi la kufungia maungio) ungepanda nguzo tena.

Kuhamisha kutoka kwenye mashine kwenda hita ni hatua ya sekunde tatu nne tu lakini ndiyo yenye hatari kuliko zote, kwa sababu kioo kiko uchi na kimeshaungwa. Shika kotingi kushoto kwa kidole gumba na cha shahada, fungua kishikio cha kushoto, shika kulia, fungua cha kulia, inua mikono yote pamoja na faiba ikiwa imenyooka, sio imekazwa kama kamba ya gitaa, imenyooka tu isiwe na tumbo. Telezesha slivu mpaka katikati ya maungio. Unajuaje ni katikati? Angalia rangi za kotingi, urefu wa rangi unaoonekana ndani ya slivu kushoto uwe sawa na kulia. Ukiona kushoto kuna rangi ndefu na kulia karibu hamna, sogeza. Afu geuza slivu kijiti cha chuma kiwe chini, faiba juu yake, lala kwenye hita hivyo hivyo. Usizungushe slivu huku faiba imeshikwa, utaisokota, na msokoto ukishagandishwa na gundi hautoki. Hita nyingi zina vishikio viwili pembeni vinavyovuta faiba kidogo ukifunga, hakikisha vimeshika kotingi pande zote mbili, kama kimoja hakijashika faiba italegea ndani wakati gundi inayeyuka na itaganda imepinda.

Chagua programu inayolingana na slivu. Programu ya 40 kwa slivu ya 40, ya 60 kwa ya 60. Inaonekana jambo dogo lakini hita nzuri imepangwa ipashe katikati kwanza afu iende nje, kusudi hewa isukumwe itoke kwenye ncha mbili. Ukitumia programu isiyo yake ncha zinaweza kufunga mapema na hewa ikabaki katikati, palepale kwenye kioo. Mashine nyingi hita inaenda nyuzi 180 mpaka 220 hivi, na muda ni kuanzia sekunde 15 mpaka 40 kutegemea mashine na slivu. Anza na programu ya kiwandani, pasha slivu mbili tatu zenye faiba za majaribio, zikague, ndipo uongeze au upunguze. Kila ukibadilisha aina ya slivu rudia hilo jaribio, slivu za viwanda tofauti unene wake hautofautiani sana kwa macho lakini hita inaona tofauti.

Mahali ulipo nako kunabadilisha mambo. Ukitoka Dar ukapanda Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na ule moto wa umeme wa kuchomelea unawaka tofauti, kwa hiyo kabla ya kazi fanya kalibresheni ya arki, iko kwenye menyu ya mashine nyingi, ni dakika chache tu. Na hita nayo, mwezi wa 6 na wa 7 kule Njombe kwenye karibu mita 2,000 na upepo ule wa asubuhi, hita inapoteza joto haraka, slivu inatoka ncha zake hazijashika. Kinga upepo kwanza, ukiona bado ongeza sekunde kadhaa. Betri ikiwa imebaki kidogo pia baadhi ya mashine hita yake inadhoofika, kama siku ni ndefu tembea na umeme wa ziada. Na kila baada ya muda safisha kile kitanda cha hita kwa pamba na alkoholi ikiwa imezimwa na imepoa, gundi inayochuruzika inajikusanya pale na slivu inayofuata inakaa juu ya kinundu.

Kupoa. Hapa naomba msome taratibu.

Hita ikilia slivu bado ni ya moto na gundi ndani bado ni laini, hata kama kwa nje mrija umeshakaza. Wakati huo faiba inaweza kwenda popote utakapoipeleka. Ukiichomoa kwa haraka ukaiweka kwenye kiganja, au ukaining'iniza kwenye ukingo wa meza huku kebo inavuta kwa uzito wake, faiba inapinda kidogo sana, huwezi kuona ukiwa na haraka, gundi inaganda, na huo mpindo umeufungia ndani milele. Mwanga wenye wimbi la nanomita 1310 unaweza kupita hapo bila tatizo. Mwanga wa 1550 unavuja, na wa 1625 unavuja zaidi, kwa sababu kadiri mawimbi yanavyokuwa marefu ndivyo mwanga unavyoshikiliwa kwa ulegevu ndani ya koa na mpindo mdogo unautoa nje. GPON, ule mfumo wa faiba za majumbani, inashusha data kwa mteja kwa 1490 na kupandisha kwa 1310, ndio maana wakati mwingine unakuta upande mmoja uko sawa na upande mwingine unalia.

Kwa hiyo hita ikilia, subiri. Kama mashine ina feni ya kupoza iache imalize. Halafu itoe kwa kushika kotingi pande zote mbili, sio kwa kushika slivu katikati, na ilaze kwenye kile kitrei cha kupozea kilicho nyuma au pembeni ya mashine, imelala bapa, imenyooka, kebo zake hazivuti. Nusu dakika mpaka dakika moja, na kama uko kwenye jua la Januari la Dar na mashine yenyewe imekuwa ya moto ongeza. Kipimo ni mkono, ukiigusa na haina joto tena ndipo unaiinua. Usiichovye kwenye maji, usiiweke juu ya chuma cha baridi, ganda la nje litaganda kabla ya gundi ya ndani na utapata mivutano ndani isiyo na sababu. Najua mkiwa na klozha ya koa 96 na msimamizi amesimama hapo kila dakika inahesabiwa, dawa yake ni kupanga kazi, wakati slivu hii inapoa wewe unavua na kufuta faiba inayofuata, ukimaliza hii imeshapoa. Hakuna muda uliopotea.

Ikishapoa ikague. Inua kwenye mwanga uigeuze pande zote. Faiba inatakiwa iwe mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Rangi ya kotingi ionekane imeingia ndani pande zote mbili. Ncha zote ziwe zimebana, hakuna mdomo wazi. Kijiti kisiwe kimetokeza nje. Mapovu, hapa watu wanabishana sana: kipovu kidogo pembeni ya chuma mbali na faiba sio shida, lakini povu lililozunguka kioo kitupu ni shida, kwa sababu klozha juani inapata joto mchana na baridi usiku, hewa ile inapanuka na kusinyaa kila siku, na kioo pale hakijashikwa na kitu. Kama ncha moja tu haijasinyaa unaweza kuirudisha kwenye hita mara moja zaidi ukiisogeza ile ncha kwenye joto. Kama faiba imepinda ndani, kata. Usiipashe tena ukijaribu kuinyoosha kwa kuvuta, kioo kitupu ndani ya gundi ya moto ukikivuta unaongeza mikwaruzo na unapata umbo lingine la ajabu. Kata, una mita za ziada kwenye trei kwa ajili hiyo hiyo.

Kiberiti cha gesi. Kuna mafundi hita ikifa wanapasha slivu kwa kiberiti au mshumaa. Acheni, tafadhali. Moto unaunguza poliolefini upande mmoja wakati upande mwingine haujayeyuka, unaacha masizi huwezi kukagua tena, na unaunguza kotingi yenyewe ya faiba. Bunduki ya hewa ya moto nayo ni hatari, inapuliza hewa kwa nguvu na faiba inayumba ndani ya gundi laini. Kama hita imekufa, slivu ya kawaida inaweza kupashwa na hita ya mashine nyingine, na kuna vihita vya kujitegemea vinauzwa bila mashine, ni vyema timu ikawa na kimoja. Ikishindikana kabisa na mteja lazima arudi hewani usiku ule, tumia kiunganishi cha kubana kisichohitaji moto kama suluhisho la muda, uandike kwenye ripoti, urudi kesho na mashine nzima.

Trei. Slivu ina nafasi yake yenye meno, isukume taratibu kwa vidole viwili kwenye ncha, chuma kikiwa chini. Nafasi moja slivu moja, isipokuwa trei imetengenezwa kwa kupandanisha. Zipange kwa rangi, bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, pinki, akwa, ili anayekuja baada yako saa nane usiku na tochi mdomoni asihangaike. Meno yakiwa yamekatika usizishike kwa supagluu, ile gundi na mvuke wake vinaharibu plastiki na huwezi tena kuitoa slivu bila kuvunja, na usizifunge kwa zile kamba za plastiki za kukaza. Badilisha trei. Faiba ya ziada izungushe mduara ambao nusu kipenyo chake hakipungui milimita 30 kama ni G.652D, ile faiba ya kawaida. Zile za kuvumilia kona, G.657A1 inavumilia mpaka 10 na A2 mpaka 7.5, lakini kwenye klozha moja huwa zinachanganyika, kwa hiyo mimi nazungusha zote kwa 30. Sehemu mbaya kuliko zote ni pale faiba inapotoka kwenye ncha ya slivu, ikipinda ghafla hapo hapo ni kama haukuweka slivu. Iache itembee imenyooka sentimita moja mbili kabla ya kuanza kona.

Kwa wale wanaofikiri tofauti ya 0.05 na 0.15 ni ndogo, chukua njia ya Dar mpaka Chalinze, kilomita kama 100. Kebo inakuja imeviringwa kwenye magurudumu makubwa, tuseme ya kilomita 4 kila moja, hapo una vipande 25 na maungio 24. Kwa 0.05 kila moja umepoteza 1.2 dB. Kwa 0.15 umepoteza 3.6, yaani zaidi ya nusu ya mwanga wote umeuacha kwenye klozha njiani, hujahesabu losi ya kebo yenyewe. Na majumbani bajeti ya GPON ya daraja B+, yaani losi yote inayoruhusiwa, ni 28 dB, spilita ya 1:32 (kigawanya mwanga kwa wateja 32) peke yake inakula kama 17, viunganishi vinakula vyao, kilichobaki ndicho unachogombania kwenye slivu.

Mwisho pima, na upime trei ikiwa imeshafungwa sio ikiwa wazi. OTDR (kipimo kinachorusha mwanga kwenye faiba na kusoma unaorudi) kwa 1310 na kwa 1550, zote mbili, na kama ni njia ndefu pima kutoka pande zote uchukue wastani, kwa sababu upande mmoja unaweza kukuonyesha hata ongezeko la mwanga ambalo halipo. Ukikuta ungio liko vibaya kwa 1310 na 1550 kwa kiasi kinachofanana, tatizo ni kuchomelea, koa hazijakaa. Ukikuta 1310 safi na 1550 imeporomoka, hapo ni mpindo, slivu au trei. Kabla hujakata chochote fungua trei, inua ile slivu kwenye meno yake, nyoosha faiba pande zote mbili, pima tena. Losi ikishuka, ungio ni zima, ulikuwa umelibana vibaya, lirudishe kwa mduara mpana zaidi. Ikibaki vilevile weka ile taa nyekundu ya VFL (tochi ya leza ya kutafutia panapovuja) upande mmoja, usiielekeze macho ya mtu, angalia slivu kivulini. Slivu ikiwaka nyekundu katikati mwanga unavujia humo ndani, kata, ingiza slivu mpya kushoto, anza upya.